Mraba wa jenetiki unasema watoto wanne, mmoja ataugua. Kwetu wameugua wawili

BintiKisauni
Assalam aleikum. Mimi ni mtahiniwa wa kujisajili mwenyewe. Alfajiri nauza mboga Kongowea, jioni napiga maswali ya biolojia ya miaka iliyopita. Mawili yananikwaza.

Kwanza, wazazi wote wawili wana jeni ya selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, lakini hawaugui. Niliandika: "Wakizaa wanne, mmoja ataugua." Nikakosa. Swali hili limenigusa, maana mamangu katuzaa wanne na wadogo zangu wawili wanaugua. Je, mraba, ule mchoro wa kupanga jeni za wazazi wawili, haufanyi kazi kwetu?

Pili, mchicha ulionyauka ukitiwa majini husimama. Hilo naliona kila siku kwenye ndoo yangu! Nilijibu "kwa sababu umepata maji", nikapewa sifuri.

MwalimuMstaafu_Mikindani
Waaleikum salaam mwanangu. Poleni kwa wadogo zako.

Mraba unataja uwezekano wa kila mimba, hauhesabu watoto. Kila mimba ni robo moja, na mimba iliyotangulia haiipunguzii wala kuiongezea inayofuata. Piga hesabu: kwa watoto wanne, kupata mgonjwa mmoja tu, si zaidi wala pungufu, ni 27/64, hata nusu haifiki. Kupata wawili ni 27/128, yaani kama familia 21 katika kila 100. Nyumba kama yenu si chache. Mendel mwenyewe, mwanzilishi wa elimu ya jenetiki, katika kazi aliyoichapisha 1866, alihesabu njegere 705 za maua ya zambarau na 224 za maua meupe. Tatu kwa moja kamili, inayotarajiwa na mraba, haikutoka, ila kwa mimea 929 ilikaribia sana. Kwa hiyo andika "uwezekano wa kila mtoto kuugua ni 1/4".

Abuu_wa_Likoni
Dada, mimi pia nilikuwa nikipoteza alama kwenye mchicha. Fuata maji hatua kwa hatua: utomvu wa seli umekolea kuliko maji ya ndoo, maji yanaingia kwa osmosisi (yanapita utando wa seli kuelekea palipokolea zaidi), vakuoli, ule mfuko wa utomvu ndani ya seli, inajaa na kuusukuma ukuta wa seli, seli inakakamaa, shina linasimama. Kila hatua ina alama yake. Mimi huandika kwanza kwa Kiswahili, nikishaelewa ndipo nageuza Kiingereza cha mtihani.

MwalimuMstaafu_Mikindani
Ahsante Abuu. Binti, nijibu hili bila kufungua kitabu: mchicha ukiutia maji ya bahari utalegea. Mbona mchu, ule mkoko wa hapa Tudor, unaishi humo humo?

BintiKisauni
Shukran sana. Hesabu ya 27/128 nimeirudia mara tatu, kisha nikamwonyesha mama.

Jibu langu: mchu hulimbikiza chumvi ndani ya seli zake mpaka utomvu unakolea kuliko maji ya bahari, ndiyo maana maji yanaingia badala ya kutoka. Chumvi inayozidi hutolewa na tezi za majani. Utotoni tulikuwa tukiyalamba majani yake, ni ya chumvi kwelikweli.

MwalimuMstaafu_Mikindani
Alama zote. Kesho nakuletea la makundi ya damu.