Mrejesho: madoa ya chunusi yamefichika, uso haujawa wa kijivu

Niliuliza nifiche vipi madoa meusi ya chunusi mashavuni bila uso kugeuka kijivu na kuonekana mzito. Dada zangu mliojibu, asanteni sana.

Kilichofanya kazi ni rangi ya chungwa, yaani kipodozi cha kuzima weusi kinachotangulia konsila (krimu ya kufichia madoa). Konsila yenye rangi nyeupe kuliko ngozi ikikaa juu ya doa jeusi hutoa kijivu. Chungwa hulizima doa kwanza. Kiasi cha punje ya mchele kinatosha shavu zima. Naigusisha kwenye doa tu kwa brashi nyembamba, nagongagonga kingo kwa ncha ya kidole, katikati siguzi, nasubiri dakika moja. Kisha konsila ya rangi ileile ya ngozi, nayo kwenye doa tu. Fandesheni nimeshusha kutoka pampu 2 hadi nusu, kwa sponji mbichi iliyokamuliwa sana. Ni kugonga; ukiburuta, chungwa inahama na doa linarudi.

Palipogoma ni kwenye chunusi zilizovimba. Wekundu unaisha, kivimbe kinabaki, maana kivuli chake hakizibwi na rangi, na ukiongeza konsila ndiyo kinajitokeza zaidi. Poda ya uso mzima nayo ilikatika mistari kando ya mdomo, kwa hiyo sasa inaishia kwenye paji, pua na kidevu.

Halafu losheni ya jua: ukipaka fandesheni papo hapo, inajikunjakunja vipande vipande. Nikisubiri dakika 10, inatulia.

Na aliyesema rangi ijaribiwe kwenye taya, nje mchana, si kwenye taa ya dukani: ubarikiwe. Hapo ndipo kosa langu lilipoanzia.