Muuguzi mwenye miaka 19 kazini aanze kozi kutoka sifuri?

Mleta mada:
Wadau, naomba tujadili hizi kozi za lazima za mtandaoni za wauguzi. Mimi ni mwandaaji wa kozi hizo. Juzi, kwenye hospitali moja hapa Dar, nilikaa pembeni ya sista wa idara ya dharura. Ana miaka 19 kazini, ametoka zamu ya usiku, na bado ana daladala ya kwenda Mbagala. Kozi ni ya kumwokoa mgonjwa ambaye moyo umesimama, nayo inaanza na video ya kuvaa glovu. Kitufe cha kuendelea hakibonyezeki mpaka video iishe. Akalaza kichwa mezani, akawa anaamka kubonyeza tu. Cheti akapata.

Kozi inayojirekebisha kwa kumsoma mwanafunzi si jambo la jana. Miaka ya 1950 huko Uingereza, mtafiti Gordon Pask alitengeneza SAKI, mashine ya kuwafunza watoboaji wa kadi za kompyuta: ukishashika, inakupunguzia vidokezo na kukuongezea kasi. Na mwaka 2003 watafiti wa elimu Slava Kalyuga, John Sweller na wenzao walieleza jinsi maelekezo yanayombeba mgeni yanavyoweza kumkwamisha mzoefu, maana inabidi ayafuate huku akiyapatanisha na anachokijua tayari. Mzoefu aruhusiwe kuruka sehemu anazozijua. Naomba kuwasilisha.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, hapo kwenye kuruka napinga. Kabla ya 2010, mwongozo wa kumwokoa mgonjwa wa aina hiyo wa American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, ulianza na njia ya hewa, kisha pumzi, ndipo kugandamiza kifua. Mwaka huo mpangilio ukageuzwa, kifua kikatangulia. Sista wako alisomea lini? Uzoefu nao hukomaza kosa.

Mleta mada:
Hoja nzito, nimeipokea. Basi programu isimuulize ana miaka mingapi kazini. Impe mgonjwa: mzee kaanguka kwenye foleni ya dirisha la dawa, haitiki, hapumui, mapigo hayasikiki. Unaanza na nini? Halafu imuulize ana uhakika kiasi gani. Aliyekosea huku ana uhakika ndiye wa kukaa naye muda mrefu, kuliko hata aliyekiri kuwa hajui. Aliyepatia asonge mbele.

Mchangiaji wa pili:
Mimi ni nesi, naunga mkono. Ila nikiokoa, tuseme, dakika 40 kwa kuruka, zitakuwa zangu, au nitarudishwa wodini? Hilo liandikwe kabla programu haijaletwa.