Filamu ya dakika 92 mtu anaizima sekunde ya mwisho!!

Wakuu nimetoka bandani sasa hivi, mikono bado inatetemeka. Yule mshika rimoti wetu mnamjua wote, simtaji. Nimembembeleza wiki tatu aweke Brighton Rock, ya Uingereza 1947, ile iliyotoka kwenye kitabu cha Graham Greene, Richard Attenborough bado kijana kabisa anacheza Pinkie, katoto ka miaka 17 kanaongoza genge, uso kama wa mwanakwaya kumbe mfukoni wembe. Leo kakubali. Watu kimyaa, hata muuza karanga kaacha kugonga chupa yake.

Sasa kuna ile santuri. Pinkie kairekodi kwenye kibanda kule gatini, mkewe Rose yuko nje ya kioo anamtazama kwa mahaba, kumbe mwenzie ndani anaanza "unataka niseme nakupenda" halafu anammwagia chuki tupu. Mwisho kabisa Pinkie kashakufa, Rose anaiweka asikie sauti ya mumewe, roho iko mkononi tunangoja yale maneno yammalize, sindano inakwama: nakupenda... nakupenda... nakupenda... Na hapo HAPO jamaa anaruka "flashi imekwaruzika!" anachomoa!!! Flashi inakwaruzikaje jamani?? Iliyokwama ni santuri, ndo filamu yenyewe hiyo! Kitabuni Greene hakumhurumia, Rose anaachwa njiani akienda kuisikiliza, ile sindano kukwama ni ya filamu tu, na ndo hiyo hiyo kaichomoa! Namwelewesha, ananijibu mbele ya banda zima "lete flashi nzima, hii mbovu kama kichwa chako". Banda zima likacheka. Nakupenda, nakupenda, CHOMOA!

mtu_wa_kona: Pole mkuu. Ila ya 1947, mlikuwa wangapi, wewe na muuza karanga?

bintiwapwani: Hahaaa kaambiwa nakupenda mara tatu halafu umeme wa moyo ukakatwa

kipara77: Huyo huyo alituzimia penalti ya tano. Mia tano yangu hajarudisha mpaka leo.

mtu_wa_kona: Afadhali mia tano. Mimi nilimwachia simu achaji, saa nne nzima, nakuta asilimia 12.

fundi_mdogo: Hiyo betri yako imevimba boss, usimsingizie mtu. Ilete.

bintiwapwani: Fundi na wewe spika yangu ina miezi miwili kwako

mleta uzi: Jamani SINDANO! Alichomoa kwenye SINDANO!

kipara77: Nimekumbuka, ilikuwa penalti ya nne.