Hapati usingizi, akipata anaweweseka: tuanzie wapi?

Mama Kirumba
Habari za humu. Mume wangu anauza dagaa soko la Mwaloni, Mwanza. Tangu mtaji uyumbe anapanda kitandani saa 3 usiku, usingizi unamjia saa 6, na saa 11 alfajiri lazima aamke. Akilala anaweweseka, anataja madeni na bei za magunia. Huu ni mwezi wa nne yuko hivi. Anataka kununua Valium, dawa ya kutuliza na kulaza, dukani. Mnashauri nini?

Tabibu Nyegezi
Pole sana dada. Valium isiwe mwanzo. Mwili huizoea ndani ya wiki chache, na akiiacha ghafla usingizi unapotea kuliko awali. Akichanganya na pombe, pumzi inaweza kukata. Piriton nayo, ile dawa ya mzio, itamwacha mzito asubuhi, na nguvu yake ya kulaza huisha upesi.

Analala masaa 5 lakini anakaa kitandani masaa 8. Hayo 3 ya kugaagaa ndiyo yanayokifanya kitanda kiwe mahali pa kuwaza. Basi aingie saa 5:30 usiku, atoke saa 11, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Zikipita kama dakika 20 hajalala, akakae kitini, taa hafifu, simu mbali, arudi macho yakilegea. Kila asubuhi andikeni alilala muda gani. Wiki ikiisha, wastani ukifika asilimia 85 ya muda wa kitandani, yaani masaa 4 na dakika 40, mwongezeeni dakika 15. Usipofika, msiongeze.

Wengi huharibu mchana: wanasinzia juu ya magunia, usiku usingizi umeshapungua. Mwanzoni atachoka sana, asiendeshe pikipiki. Mwenye kifafa asianze bila daktari.

Muuguzi Ilemela
Kuweweseka kwenyewe hakuhitaji dawa. Kunachochewa na kukosa usingizi, mawazo, pombe, hata homa. Usimwamshe, na asubuhi usimhoji aliyoyasema, utamwongezea hofu ya kulala. Ila akirusha ngumi na mateke ndotoni, au akikoroma pumzi ikikatika, mpeleke hospitali ya Bugando aonwe.

Madeni ayatoe kichwani mapema: saa 1 jioni, daftari, anadaiwa na nani, kiasi gani, hatua moja ya kesho. Dakika 15, afunge. Kahawa mwisho saa 6 mchana.

Mama Kirumba
Asanteni mno. Jumapili haendi sokoni, alale hadi saa ngapi?

Tabibu Nyegezi
Saa 11 ile ile, dada. Akilala hadi saa 2, usiku wake usingizi utachelewa na Jumatatu mtaanza upya.