Naomba ushauri: daktari wangu hanisikilizi, je, nimhame?

Usingizi_Mwepesi (mleta uzi)

Wakuu, habari zenu. Mimi ni msomaji wa siku nyingi nisiyezoea kuandika, hivyo mnivumilie nikirefusha maneno. Kwa miezi saba sasa nimekuwa nikiumwa kichwa. Maumivu huanza alfajiri kabla sijainuka kitandani, hubana kuanzia kwenye paji la uso hadi kisogoni kama kofia ndogo iliyovalishwa kwa nguvu, na siku nyingine hunifuata hadi usiku.

Nimekwenda kwa daktari yuleyule mara nne. Mara ya kwanza aliniuliza nafanya kazi gani, nikamwambia kwamba naandaa hesabu za mishahara, akatabasamu na kusema, "Basi jibu umejipa mwenyewe." Mara ya pili aliniambia nipunguze mawazo. Mara ya tatu alirudia hayohayo huku macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Mara ya nne, nilipomwomba nipigwe picha ya ubongo, alisema kwamba wanaosoma sana mtandaoni ndio wanaoumwa sana, kisha akamwita mgonjwa aliyefuata kabla sijafunga mkoba wangu. Hajawahi kunigusa kichwa wala shingo.

Swali langu ni hili: je, inaruhusiwa kumhama daktari katikati ya matibabu, au nitaonekana mtu wa kutangatanga? Na nikihama, ninalazimika kumweleza daktari mpya kwamba nilikuwa nikitibiwa na mwingine?

Kifimbo_cha_Mzee

Mleta uzi, sisi tuliotangulia tulikuwa tukimheshimu daktari kiasi cha kuvua kofia mlangoni. Mtu aliyesoma miaka yote ile si fundi viatu, umhame kwa sababu hakukuchekea. Tena wewe mwenyewe umeandika kwamba alitabasamu. Mazoea ya kizazi hiki ya kutaka kubembelezwa ndiyo yanayowafanya wazunguke hospitali tano na kurudi na majina matano ya ugonjwa mmoja.

Hoja_Mezani

Mzee wangu, shikamoo, lakini kofia tuiache mlangoni. Swali lake la kwanza lina jibu la maandishi. Azimio la Lisbon kuhusu haki za mgonjwa, lililopitishwa na Chama cha Madaktari Duniani mwaka 1981, linasema kwamba mgonjwa ana haki ya kumchagua na kumbadilisha daktari wake kwa hiari, na kwamba anaweza kuomba maoni ya daktari mwingine katika hatua yoyote ile. Walioandika maneno hayo ni madaktari wenyewe, si wagonjwa wenye hasira. Kwa hiyo, ndugu, hakuna dhambi uliyoitenda.

Bwana_Mzaha

Badili daktari. Ikishindikana, badili hesabu za mishahara. Ikishindikana tena, badili kichwa.

Mama_Watatu

Mimi nakwambia hama, tena hama leo. Baada ya kujifungua mtoto wangu wa tatu nilikuwa nikichoka kiasi kwamba nikipanda ngazi nne naketi kwenye ya tano. Daktari aliniambia kwamba hakuna mzazi asiyechoka, na mama mkwe akamuunga mkono, na mume wangu akamuunga mkono mama yake, nikabaki peke yangu na uchovu wangu. Nilikwenda kwa daktari mwingine, mwanamama wa makamo asiye na maneno mengi. Alinivuta kope ya chini, akatazama viganja, akaagiza kipimo cha damu siku hiyohiyo, na hemoglobini, yaani kipimo cha wingi wa damu, ikasoma 7, chini mno. Sikuhitaji hotuba, nilihitaji mtu wa kunivuta kope. Tangu siku hiyo, daktari asiyenigusa simhesabu.

Nesi_Mstaafu

Pole sana, mdogo wangu. Kabla hatujamhukumu daktari naomba unijibu maswali machache, nami nitayaandika kwa mpangilio niliouzoea kazini. Je, maumivu yaliwahi kukujia ghafla mno, kwa kishindo, yakafika kileleni ndani ya dakika moja? Je, una homa pamoja na shingo kukakamaa? Je, kuna upande wa mwili uliolegea, macho kuona ukungu, au ulimi kuwa mzito? Je, maumivu huzidi ukikohoa au ukiinama? Je, umevuka miaka 50? Je, una ujauzito? Na la mwisho, unameza dawa gani, na kwa siku ngapi katika mwezi? Ukiwa na ndiyo katika mojawapo ya hayo sita ya mwanzo, funga uzi huu uende hospitali sasa hivi, kwa daktari yeyote atakayekuwa zamu.

Usingizi_Mwepesi

Ahsante, dada. Majibu ni hapana kwa yote. Nina miaka 36 na sina ujauzito. Jambo pekee lililojitokeza ni presha, ambayo mara ya mwisho ilisoma 148 kwa 92, na hilo nalo daktari alisema ni mawazo.

Ili niwe mkweli kwenu, nimekwisha kupanga miadi na daktari mwingine siku ya Alhamisi. Nimeamua kwenda bila faili na bila kumtaja wa kwanza, kwa sababu nataka anitazame kwa macho mapya. Madaktari husomeana mafaili, na faili likisema "mawazo", wa pili naye atasoma "mawazo".

Nesi_Mstaafu

Umejibu sita kati ya saba.

Bwana_Mzaha

Nesi hakustaafu, amehamia huku.

Usingizi_Mwepesi

Dada, sikuona kwamba lina uzito. Natumia dawa za kawaida za kutuliza maumivu ambazo kila mtu anazo nyumbani: diklofenaki asubuhi ili niweze kufika kazini, na parasetamoli jioni ikibidi.

Nesi_Mstaafu

Kwa siku ngapi katika mwezi? Na daktari anajua?

Usingizi_Mwepesi

Karibu kila siku. Nilianza mwaka jana nilipokuwa na maumivu ya mgongo, mgongo ukapona, vidonge vikabaki.

Kuhusu daktari, aliniuliza mara ya kwanza kama kuna dawa nyingine ninayotumia, nikasema hapana. Naomba msinirukie. Aliuliza huku amegeukia mlango akimwita mtu, na kwa fikra zangu "dawa" ni ile unayoandikiwa, yenye jina la ugonjwa. Kidonge cha maumivu si dawa, ni kama kuegemea ukuta ukichoka. Baadaye nilipoanza kushuku kwamba huenda lilikuwa jambo la kusema, tayari alikuwa ameniita msoma mitandao, na sikutaka kumpa sababu nyingine ya kutabasamu.

Famasia_Ndogo

Hapa ndipo uzi ulipopaswa kuanzia. Kuna aina ya maumivu ya kichwa inayosababishwa na dawa zenyewe za kutuliza maumivu ya kichwa. Mtu mwenye asili ya kuumwa kichwa akitumia dawa rahisi kama parasetamoli, ibuprofeni au diklofenaki kwa siku 15 au zaidi katika kila mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, kichwa huzoea na kuanza kudai. Kwa dawa zenye kodeini, ambayo ni kali zaidi, kiwango ni siku 10 tu. Dawa ya jana ikiisha nguvu usiku, alfajiri kichwa kinabisha hodi, naye anameza nyingine, na mduara unajifunga. Wengi wa watu hawa huamka na maumivu, kama ulivyoeleza mwenyewe mwanzoni bila kukusudia.

Halafu kuna presha. Diklofenaki na ndugu zake huweza kuipandisha, mbali na kuumiza tumbo na figo zikitumika muda mrefu. Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho, kwa kuwa sijakuona. Nasema kwamba daktari asiyejua habari hiyo hawezi kukifikia, awe wa kwanza, wa pili au wa kumi. Na usikurupuke kuziacha leo peke yako kwa sababu umesoma hapa, kwani siku za mwanzo baada ya kuacha, kati ya mbili na kumi, kichwa kwa kawaida huzidi kabla ya kutulia, na ni vyema mtu anayekutibu awe amepanga nawe namna ya kuzivuka.

Kifimbo_cha_Mzee

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Nimemaliza.

Usingizi_Mwepesi

Mzee wangu, mimi sikuficha maradhi. Maradhi niliyapeleka mara nne. Nilichoficha ni dawa.

Jicho_la_Tatu

Nimesoma uzi huu tangu juu nami naona ni chai. Tazameni. Daktari "hajawahi kunigusa", kisha ghafla tunapewa presha hadi tarakimu ya mwisho. Alipimaje bila kumfunga mkono? Mtu anayedai hajazoea kuandika anatuletea "kofia ndogo iliyovalishwa kwa nguvu" na "kuegemea ukuta ukichoka". Siri inafichuka kwa zamu, nesi anatokea, mfamasia anatokea na somo lililopangika, na sote tunaondoka tumeelimika. Uzi huu umeandikwa na mtu mmoja mwenye majina matatu, na huenda mtu huyo ndiye daktari mwenyewe anayejisafisha.

Mama_Watatu

Kama ni daktari anajisafisha, mbona amejipaka tope kiasi hicho? Aliyeandika "jibu umejipa mwenyewe" hampendi daktari huyo.

Famasia_Ndogo

Nimekuwa humu miaka sita, na michango yangu mingi ni ugomvi kuhusu mpira. Jicho, karibu uikague.

Usingizi_Mwepesi

Presha hupimwa na muuguzi chumba cha nje kabla ya kuingia, na huandikwa kwenye kikaratasi ambacho mgonjwa hukishika mkononi. Ndiyo maana naijua, na ndiyo maana nasema daktari hakunigusa. Kuhusu lugha, mtu aliyelala macho wazi usiku mwingi hupata muda wa kutosha wa kutafuta mfano wa kofia. Kama ningetunga, ningejitungia nafasi nzuri kuliko hii ya kukiri mbele ya watu kwamba niliulizwa swali la kawaida nikadanganya.

Jicho_la_Tatu

Maelezo ya kikaratasi nayakubali. Mengine nayaweka kiporo.

Hoja_Mezani

Iwe kweli au ya kutunga, kuna jambo moja ambalo mzee Kifimbo asitupokonye. Mwaka 1984 watafiti wa Marekani walirekodi mazungumzo ya wagonjwa na madaktari, wakakuta kwamba daktari humkatiza mgonjwa kwa wastani baada ya sekunde 18 tangu aanze kueleza shida yake. Uchunguzi mwingine kama huo wa mwaka 1999 ulipata sekunde 23, na wagonjwa walioachwa wakamaliza walihitaji sekunde sita tu zaidi kwa wastani. Sita! Daktari aliyegeuka mlangoni akiuliza habari za dawa aliuliza ili aweke alama kwenye fomu. Mgonjwa alikosea kujibu, lakini swali nalo liliulizwa vibaya, na kosa moja halifuti jingine.

Nesi_Mstaafu

Nakubaliana na Hoja, isipokuwa kwa lile la kwenda bila faili. Mdogo wangu, macho mapya unayoyataka hayatakusaidia ukiyafunga kitambaa. Kuhama, hama, kwa sababu mtu aliyekuchekea mara moja hutamwambia ukweli mara ya pili, na matibabu hayaendi hivyo. Lakini beba vitu vitatu: nakala ya faili, ambayo ni taarifa zako na una haki ya kuziomba, vikaratasi vyote vya presha, na daftari la siku zote ulizoumwa pamoja na kila kidonge ulichomeza. Ukiingia, anza na daftari kabla hujataja picha ya ubongo. Ukianza na picha, mtabishana juu ya picha hadi muda uishe.

Bwana_Mzaha

Na akigeukia mlangoni?

Nesi_Mstaafu

Mgonjwa anyamaze hadi daktari ageuke. Nimewafundisha wagonjwa wengi kufanya hivyo, na madaktari hawakunipenda.

Usingizi_Mwepesi

Nimerudi. Sikukusudia kufuata ushauri wa faili, kwa sababu bado naona Alhamisi ingekuwa nyepesi bila hilo, lakini usiku wa juzi nilihesabu vidonge kwenye pakiti tupu zilizokuwa kwenye droo ya kazini na nikapata siku 24 kwa mwezi uliopita. Nilikuwa nikijiambia kwamba ni kumi na kitu.

Leo nimekwenda mapokezi nikaomba nakala. Hakuna aliyeniuliza sababu, nilijaza fomu na kusubiri kama nusu saa. Ni kurasa nne, moja kwa kila siku niliyokwenda. Kurasa ya pili, ya tatu na ya nne zina sentensi ileile, neno kwa neno hadi mahali pa nukta: "Mgonjwa ana wasiwasi, ameshauriwa kupumzika." Jicho, kama kuna mtunzi humu, ni huyo. Hapo nilitaka kuja kuwaonyesha kwamba nilikuwa sahihi tangu mwanzo.

Kisha nikarudi kwenye ukurasa wa kwanza. Chini kabisa, kwa mwandiko uliotulia kuliko nilivyotarajia, kumeandikwa: "Dawa nyingine: hatumii, kwa kauli ya mgonjwa." Maneno matatu ya mwisho yamepigiwa mstari.

Miadi ya Alhamisi iko palepale. Kurasa zote nne nimezitia kwenye mkoba.