Wateja wenye anoreksia na bulimia: nawauliza nini kuhusu mawazo yao?

Nasaha_Sakina
Wakuu, habari za kazi. Nina wateja wenye anoreksia (kujinyima chakula kwa hofu ya kunenepa) na bulimia (kula kupita kiasi kisha kutapika). Ukimweleza mteja kwamba nusu chapati haimnenepeshi, anakubali, halafu kikao kinachofuata anarudi na hesabu ileile. Naelewa kwamba shida si wazo lenyewe, ni jinsi anavyolichukulia. Sasa kwa vitendo namuuliza nini? Na lile dodoso la Kiingereza la mwanasaikolojia Wells, la maswali 30 kuhusu imani za mtu juu ya mawazo yake, nilitafsiri hivyo hivyo?

Mnasihi_Pasua
Kwanza achana na kubishania chapati. Tafuta imani mbili zinazovutana. Moja inalisifu wazo: "nikiacha kuwaza chakula nitajiachia." Nyingine inaliogopa: "siwezi kuyazuia, yatanitia wazimu." Mtu mmoja anaweza kuwa nazo zote mbili, na ndiyo maana hapumziki.

Muulize: jana ulitumia muda gani kuwaza chakula? Usingewaza kabisa, ingekuwaje? Ulifanya nini ili wazo liondoke? Hilo la tatu ndilo lenye mali, maana hapo utasikia kupanda mizani mara tano, kujibana tumbo, kuruka mlo, kutapika.

Kisha mpe zoezi la kuahirisha. Achague dakika 15, tuseme saa 11 jioni, mbali na mlo na mbali na kitanda. Wazo likija asubuhi analitambua tu, "hilo limekuja," analipangia saa 11 na kuendelea na shughuli. Saa ikifika si lazima aitumie. Kabla ya kuanza aandike kwa asilimia anavyoamini kwamba hawezi kuyatawala mawazo, na baada ya wiki aandike tena.

Wengi huharibu hapa: wanageuza kuahirisha kuwa kufukuza. Mwanasaikolojia Wegner alionyesha mwaka 1987 kwamba ukimkataza mtu kumuwaza dubu mweupe, dubu haondoki. Fanyeni kwenye kikao: dakika 2 asiwaze mtori kabisa, dakika 2 nyingine auache uje na uende wenyewe. Atajionea tofauti.

Daktari_Njiro
Naongeza moja, na ni kubwa. Sehemu ya mawazo hayo ni njaa. Kwenye jaribio la Minnesota, Marekani, mwaka 1944 hadi 1945, wanaume 36 wenye afya walipunguziwa chakula kwa miezi sita, wakaanza kuwaza chakula mchana kutwa, wengine wakakusanya mapishi. Zoezi la dakika 15 halitashinda tumbo tupu. Milo mitatu na vitafunwa viwili au vitatu, pengo lisizidi saa 4, ndipo mengine yafuate.

Akizimia, au mapigo ya moyo yakiwa chini ya 40 kwa dakika akiwa macho, au anatapika kila siku, apelekwe hospitali leo, Mount Meru au KCMC, apimwe potasiamu (madini ya damu ambayo moyo huyategemea) na moyo. Na familia isimshindilie sahani kubwa ghafla: aliyekaa na njaa muda mrefu, fosfeti, madini mengine ya damu, inaweza kushuka akianza kula, na moyo ukashindwa.

Pia uliza kuhusu kufunga. Kwaresima na Ramadhani ni maficho mazuri. Angalia kama mfungo unaisha wenzake wakiufungua.

Nasaha_Sakina
Asante sana daktari, asante Pasua. Na dodoso?

Mnasihi_Pasua
Toleo hilo ni la 2004, kila swali alama 1 hadi 4, jumla 30 hadi 120, makundi matano. Halitaji chakula, kwa hiyo halitakwambia kama mtu ana anoreksia. Litakuonyesha tu imani ipi imekaza.

Tatizo la tafsiri ni neno "wasiwasi". Kwetu wasiwasi ni hofu inayompata mtu, wakati dodoso linauliza kuhusu kitu anachokifanya kichwani. Ukiandika "wasiwasi unanisaidia", karibu kila mtu atajibu hapana na utadhani hana imani hiyo. Andika "kuwazawaza". Halafu mpe mtu ambaye hajaliona dodoso la Kiingereza atafsiri Kiswahili chako kurudi Kiingereza, ulinganishe na la awali swali kwa swali.

Nasaha_Sakina
Kumbe! Rasimu yangu ina "wasiwasi" karibu kila mstari. Naanza upya.