Choo kimoja, watu kumi na mmoja: fundi anaingia baada ya wiki mbili, nijipange vipi?

Mshona Barazani, Ngamiani, Tanga

Wadau, salaam. Nyumba yetu ni ile ya Kiswahili: vyumba sita, ukumbi katikati unaonyoosha mpaka uani, na huko uani ndiko kuna choo na bafu, milango imepakana. Tuko kumi na mmoja. Mimi na mume wangu, watoto wanne, mama yangu mzazi, halafu wapangaji: dada mmoja na mwanawe, na vijana wawili wanaofanya vibarua bandarini.

Choo ni cha kuchuchumaa, alikijenga marehemu baba. Sakafu ya bafu imepasuka, maji yanatuama kwenye kona, na ukuta unaopakana na chumba cha yule dada unatoa munyu, ukipaka rangi leo mwezi ujao inabanduka. Hayo tungeyavumilia. Kilichonifikisha hapa ni mama. Ana miaka 76 na magoti yamekwisha. Kuchuchumaa anachuchumaa, kuinuka ndiyo mtihani. Juzi alikawia mpaka nikaingia, nikamkuta mkono mmoja kashika ukingo wa ndoo, wa pili kashika mlango, ananiambia, "Nilikuwa napumzika."

Basi tumejichanga. Choo cha kukaa, kishikio ukutani, vigae chini na ukutani. Fundi kasema siku tano. Mume wangu kasema siku tano kitu gani, tutakwenda kwa jirani. Hapo tuligombana kidogo, maana mwenye kusema hivyo anashinda kazini na jioni yuko msikitini, kote huko vyoo vipo. Mama naye katoa tamko lake: "Mimi siendi kuhesabiwa choo na watu."

Siulizi bei wala rangi ya vigae. Nauliza: hizo siku tano watu kumi na mmoja wanajisaidia wapi, wanaoga wapi, na mimi nitayarishe nini kabla nyundo haijapigwa?

Fundi wa Mikanjuni

Dada, siku tano ni za fundi, si za saruji. Kuvunja na kutoa kifusi, bomba, zege la sakafu, dawa ya kuzuia maji, kisha sakafu ijazwe maji ikae saa 24 tuone kama inavuja, ndipo vigae, ndipo kujaza mianya. Na saruji inataka kumwagiwa maji kila siku ikomae. Wewe weka akilini wiki mbili na ushei. Akimaliza mapema, mpikie pilau.

Bahati yako choo na bafu ni vyumba viwili. Usikubali vivunjwe siku moja. Sisi mafundi tunapenda kuvunja kwa mpigo kwa sababu kirikuu cha kifusi kinaitwa mara moja. Aanze bafu, watu waogee uani kwenye turubai, choo kiendelee kutumika. Bafu likikamilika kabisa, likikauka, ndipo aguse choo.

Wiki moja kabla, jaribu kufunga koki kuu pale kwenye mita. Ijaribu kweli, usiitazame tu. Nyumba za zamani koki hiyo haijaguswa miaka, siku ya kazi ndiyo inakatikia mkononi.

Sinki la choo likishang'olewa, mdomo wa bomba uzibwe siku hiyo hiyo, gunia halafu nailoni. Yale maji yanayokaa kwenye trapi ndiyo yanayozuia harufu na mende. Trapi ikitoka, vya shimoni vyote vina njia. Bomba jipya liwe la inchi 4, na kila mita moja lishuke sentimita mbili na nusu kuelekea shimoni.

Na huo munyu wenu, nina wasiwasi na mchanga uliotumika zamani. Safari hii uwe wa mtoni. Wa pwani una chumvi.

Kijana wa Duga

Mpelekeni bi mkubwa Muheza kwa ndugu wiki mbili. Kwisha habari.

Mshona Barazani

@Kijana, huko Muheza choo kiko nyuma ya migomba na ni cha kuchuchumaa vilevile. Halafu hao wengine kumi nao niwapeleke wapi?

Bibie wa Chumbageni

Mimi yalinikuta, kwa hiyo sikiliza. "Tutakwenda kwa jirani" si mpango. Nenda mwenyewe, jioni, usimtume mtoto. Mwambie ni siku ngapi na watu wangapi, na muulize saa gani asisumbuliwe. Kisha weka dumu la maji mlangoni kwako, kila anayekwenda abebe ya kwake, mpaka mtoto. Jirani hachoshwi na watu, anachoshwa na maji yake kuisha. Mimi siku ya nne nilisikia mlango umefungwa kwa komeo kwa ndani mchana kutwa, nikaelewa.

Maji: watu kumi na mmoja kwa lita 20 tu kila mmoja ni lita 220 kwa siku. Pipa moja la lita 200 halikufikishi jioni. Azima la pili, na yajazwe kabla koki haijafungwa.

Wapangaji waambie leo, usingoje wasikie tindo. Na uwapunguzie kidogo kwenye kodi ya mwezi huo, hata kama ni kidogo cha aibu. Vijana hawatasema kitu, lakini dada mwenye mtoto atakununia mpaka Idi.

Jingine, wewe unashona. Vumbi la saruji na kitambaa cheupe havikai nyumba moja. Mlango wa kutokea uani utundikie kanga iliyoloweshwa maji, iloweshe tena kila ikikauka, inalikamata. Nguo za watu zitoe kabisa, ziweke kwa shoga yako.

Nesi Mstaafu, Raskazone

Mwanangu, nizungumzie mama. Chukua kiti cha plastiki chenye mikono, kile kigumu, si kile kinachobonyea. Kikate tundu katikati, pembe zisuguliwe na msasa, chini iwekwe ndoo yenye mfuniko na maji kidogo. Wakati wa zamu ya choo kuvunjwa, kiti kikae ndani ya bafu jipya, mlango ufungwe, awe na stara yake. Ndoo imwagwe kwenye chemba, si mferejini. Aanze kukizoea siku tatu kabla, asikutane nacho siku ya kelele.

Mwangalie anavyokunywa maji. Wazee wakiona choo ni taabu wanaacha kunywa ili wasiende. Hawasemi. Mara tumbo limefunga, mara mkojo unawaka, na nyinyi mnadhani ni uzee.

Kishikio kifungwe kwenye tofali lenyewe, si kwenye kigae. Vigae vya chini viwe vya kukwaruza. Na kabla sinki halijakaa mpime kutoka kisigino mpaka nyuma ya goti, fundi asikadirie kwa macho. Watoto wasikanyage saruji mbichi pekupeku, inachoma ngozi.

Mshona Barazani

Shikamoo bibi, na ahsanteni wote. Nimerudi kutoa ripoti. Siku kumi na saba.

Koki kuu niliijaribu kama nilivyoambiwa. Haikukatika, iligoma tu, ikabidi ibadilishwe, na ingekuwa siku ya kazi tungelia. Tulianza na bafu. Sakafu ilipoinuliwa fundi aliniita, akasugua kipande cha plasta ya zamani kiganjani, kikameguka kama ladu. Ndani yake kulikuwa na vipande vya kombe na konokono wadogo wa baharini, wazima kabisa, mwanangu wa mwisho akaanza kuwaokota. Kumbe miaka yote hiyo tulikuwa tunaogea pwani. Fundi wa Mikanjuni, umepiga ramli au?

Jirani nilikwenda mwenyewe na kipande cha sabuni. Mpaka mwisho hakufunga mlango. Aliyetusumbua ni mume wangu, siku ya pili tu kasahau dumu.

Usiku wa mende sitausimulia. Fundi alisema ataziba bomba kesho asubuhi, nami nilichoka, nikamwachia. Saa nne usiku yule dada mpangaji alipiga ukelele, tukaua kwa kandambili mpaka saa sita.

Mama kiti alikikataa siku mbili. Ya tatu akasema kifunikwe kanga yake kuukuu, si zile mpya, na mimi nikae ukumbini niimbe au nishone, mradi nisisikie kitu. Nikashona. Maji alikuwa kweli ameacha kunywa, bibi, kikombe cha asubuhi nakikuta kimejaa vilevile chini ya kitanda. Nikawa namsimamia kama mtoto.

Sasa choo kipo, kinang'aa, kishikio kimefungwa kwenye tofali, anainuka mwenyewe. Tatizo dogo: fundi aliinua kitako kwa ngazi ya zege, sinki likapanda juu yake, mama akikaa miguu inaning'inia. Tumemwekea kipande cha ubao cha kukanyagia.

Nesi Mstaafu, Raskazone

Marahaba. Si nilisema upime kisigino mpaka goti?

Mshona Barazani

Nilipima, bibi. Nilipima la kwangu.